Mwani, Bijou na Mikono Yetu

Nimekabidhi ufunguo wa stoo ya chakula cha farasi, na aliyeupokea ameniomba nimwachie maelekezo. Nilijaribu kuyaandika kwa mistari michache kama alivyotaka, nikashindwa. Kila nilipoandika "pima", nilikumbuka kwa nini tunapima. Basi nitasimulia tangu mwanzo, na wenzangu mnaobaki mnisamehe. Mwenye haraka aruke, ila asije nyumbani Bwiza kuniuliza nilichokwisha kukiandika.

Sikuja klabu kwa kupenda farasi. Nilikuja kufagia. Nilikuwa na watoto wawili wadogo, mume wangu akishona nguo kwenye baraza la duka, na mtu aliniambia kwamba kule chini karibu na ziwa, ukishaipita Kinindo, wanatafuta mwanamke wa usafi. Nilidhani ni usafi wa ofisi. Asubuhi ya kwanza nilipewa koleo na toroli, nikafunguliwa mlango, na mbele yangu pakawa na matako ya mnyama mkubwa kuliko kabati la mama mkwe wangu. Nikabaki mlangoni.

Akaja Mzee Bernard, mkuu wa watunza farasi. Alikuwa mfupi, na mguu mmoja wa suruali ulikuwa umekunjwa daima, hata siku za harusi. Aliniangalia, akaliangalia koleo.

"Uyu farasi naye anakuogopa, mama," akasema, "mais yeye hajakimbia. Ingia."

Nikaingia. Bernard ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Alinifundisha kumkaribia farasi kwa upande wa bega, na kusema naye kabla ya kumgusa. Alinifundisha kushika kulabu ya kusafishia kwato, kuivuta kutoka kisigino kwenda mbele, na kuinusa kwato baada ya kuisafisha, maana iliyoanza kuoza hunuka kabla haijaonekana. Aliweka sikio kwenye tumbo la farasi akasikiliza kama fundi redio. Mavi aliyachunguza kwa heshima ambayo sijaona akiwapa wageni wa klabu. Na alinifundisha jambo moja lililonitisha kuliko ukubwa wa mnyama: farasi hawezi kutapika. Wewe ukila kibaya unakitoa. Yeye kikishuka kimeshuka.

Jinsi nilivyotoka kwenye koleo nikaingia stoo si habari kubwa. Aliyekuwa stoo alihama, nami nilikuwa karibu. Toka hapo nikaitwa Mama Nyasi, na kuna watu pale hawajui kuwa nina jina la ubatizo. Nyasi zenyewe ni matete yanayokatwa na akina mama wa kule bondeni. Msiyapokee yakiwa yamelowa. Pumba za mchele zinatoka Imbo, zichekecheni, kuna siku mtakuta msumari. Machicha ya kiwanda cha bia farasi wanayapenda mno, na baadhi ya watunza farasi walikuwa wakisimama karibu na pipa lake muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kopo la kupimia ni lile la nyanya lenye kibonyeo ubavuni. Msilibadilishe kwa kuwa ni zee. Farasi wote mnaowaona wamekulia kipimo kile.

Sasa niwaeleze desturi ya kuaga, maana wengine mmeikuta ilivyo leo mkadhani ilizaliwa hivyo. Zamani hakuna aliyetoka kazini bila kumpitia farasi wake na kumpa kitu kiganjani: kipande cha muwa, ganda la ndizi, karoti iliyonyauka. Bernard ndiye aliyeianzisha, akisema farasi anapoona watu wanaondoka bila neno, usiku halali vizuri. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba jioni vichwa vyote vilikuwa nje ya milango vikingoja, na wanaume wazima waliokuwa wamegombana mchana kutwa walisimama pale wakinong'ona. Hata majuma ambayo mjini hapakuwa na tone la mafuta, na kila mtu alijua kwamba nyumbani atafika kwa miguu, kuaga hakukuachwa.

Ndipo niwaambie habari za Haji na Bijou.

Haji alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, babu zake walitoka Omani, yeye mwenyewe alizaliwa na kuzeekea hapahapa Bujumbura. Soko kuu lilipoungua alihamishia duka Bwiza, si mbali na kwetu. Goti lilikuwa limemkataza kupanda farasi siku nyingi, lakini alikuwa na farasi jike wake, Bijou, mwekundu kama chungu kipya, na kila alasiri alikuja akageuza ndoo, akaikalia, akawa anazungumza naye. Wengine wanakwenda kwa daktari wa moyo. Haji alikuja kwa Bijou.

Bijou akaanza kuharibika kwato. Zilipasuka kama tope la kiangazi, misumari ya kiatu haikushika, na ngozi yake ikafifia. Tulipaka mafuta, tukabadilisha pumba, Daktari Espérance, daktari wetu wa mifugo, akajaribu dawa alizonazo. Haikusaidia sana. Ndipo dada yake Haji aliyeolewa Unguja akamtumia gunia, likaja kwa lori hadi mlangoni kwetu. Lilikuwa jepesi, na lilinukisha banda zima.

"Haji, ii iko nini?" nikamuuliza.

"Mwani. Majani ya bahari. Dada yangu anasema kule wanalima ii kitu kama sisi tunalima mihogo, wallahi. Anasema inafanya kwato nguvu."

Bernard akaingiza pua guniani. "Inanuka ndagala zenye zilisahaulika."

"Ndagala zinanuka ziwa, Muzee Bernard. Ii inanuka bahari."

"Mi bahari sijaionaka. Basi naamini."

Déo, mmoja wa watunza farasi, aliona hakuna haja ya kuagiza majani mbali hivyo wakati ziwa liko hapo chini. Kesho yake alikuja na fungu la majani ya ziwani yakichuruzika, akisema maji ni maji. Bijou aliyanusa, akageuka, akamwachia Déo mkia.

Daktari Espérance hakucheka mwani, wala hakuusifu. Alichukua kidogo akaondoka nao, na aliporudi alituita sote.

"C'est bon," akasema. "Ii inaweza kumusaidia. Mais iko na iode mingi sana, ile wanawekaka mu chumvi. Kijiko kimoja ya chai, asubui, mu pumba. Basi. Mama Nyasi, we njo utapima."

"Na kama anapenda zaidi, Docteur?" Haji akauliza.

"Farasi anapendaka hata sabuni, Haji."

Nikajaza chupa yangu, nikaiweka stoo pamoja na kijiko. Gunia lenyewe halikuweza kukaa stoo, unyevu ungeliozesha, hivyo Bernard alipiga msumari ukumbini mwa banda, penye upepo, karibu na mlango wa Bijou, akalitundika hapo. Mimi sikuligusa tena. Chupa ilikuwa inanitosha.

Kwato hukua polepole, kama ukucha wa mtu mvivu. Lakini miezi ilipopita tuliona kwato mpya ikishuka kutoka juu, laini, bila ufa. Ngozi ikarudisha wekundu. Fundi wa viatu vya farasi alipopiga msumari na ukashika, Haji alisema alhamdulillah kwa sauti iliyowashtua farasi wa mwisho wa banda. Gunia likawa na heshima, na kila lilipopungua dada yake Haji alituma jingine. Wageni walionyeshwa.

Kisha Bijou akapata mimba, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Ninyi mmeingia wakati vyumba vya banda vimejaa tena, hamjui ilivyokuwa. Farasi kuletwa nchi hii ni ndege, ni karatasi, ni kusubiri. Wetu walikuwa wanazeeka na kufa mmoja mmoja. Chumba kimoja tulikuwa tunawekea baiskeli. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtoto aliyezaliwa pale, na Bijou mwenyewe alikuwa anafika umri ambao daktari alisema hatabeba mara ya pili. Kwa hiyo lile tumbo lilikuwa la watu wote. Déo, ambaye sauti yake ilisikika ng'ambo ya uzio, akaanza kusema chini. Haji akawa anaweka kiganja ubavuni mwa Bijou na kuomba dua mpaka ndoo inamchoka. Na jioni, wakati wa kuaga, kila mtu akishamaliza kwa farasi wake, alizunguka kupitia kwa Bijou. Niliwaona kwa mbali nikifunga stoo, nikafurahi. Nilidhani ni maganda ya ndizi.

Alizaa alfajiri, mlinzi akamwita Bernard, Bernard akatuita sote. Tulipofika jua lilikuwa limeshatoka. Mtoto alikuwa dume, mwekundu kama mama yake, na alikuwa hai. Lakini mtoto wa farasi husimama mapema, miguu ikitetemeka, akatafuta ziwa la mama. Huyu alilala tu. Alijaribu kuinua kichwa, kikaanguka. Chini ya taya, pande mbili za koo, alikuwa na uvimbe kama mayai mawili ya kuku.

Daktari Espérance alikuja kwa baiskeli. Alipiga magoti majanini, akapapasa lile koo muda mrefu. Haji alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi.

"Ii ni rovu," daktari akasema. "Iode ilimuzidia mu tumbo ya mama. Nani anapimaka mwani?"

Watu wote wakanitazama. Nikasema ni mimi. Nikaleta chupa na kijiko. Akakigeuza kile kijiko, akaniuliza kama ni hicho tu, kila siku, nikasema ni hicho tu. Akasema kijiko kile hakiwezi kuleta rovu ya namna ile. Bado walinitazama. Nawaambia kweli, niliona jinsi mtu anavyoweza kupoteza jina lake la kazi kabla ya chai ya asubuhi.

Bernard akatoka, akarudi na beseni na lile gunia.

"Kila mutu aweke yenye alimupa jana," akasema. "Mama Nyasi, anza."

Nikaweka kijiko changu. Chini ya beseni hakikuonekana vizuri. Déo akasogea, akaingiza mkono guniani, akaweka konzi.

"Mi namupatiaka kidogo tu," akasema. "Wakati ya kuaga."

Akafuata mwenzake. "Na mi kidogo tu." Akafuata mwalimu wa kupanda farasi, kijana nadhifu wa Rohero ambaye sikuwahi kumwona akigusa kitu chenye vumbi. Mlinzi wa geti akaja naye, akisema Bijou alikuwa anampitishia kichwa dirishani, angefanya nini. Kila mmoja na konzi yake, kila mmoja na "kidogo tu" yake, na hakuna aliyekuwa anasema uongo.

Haji akaja. Alifungua viganja vyote viwili kama mtu anayeomba dua, akavijaza, akamimina. Kisha akavijaza tena.

"Moja ya alasiri," akasema, "na moja wakati mi nataka kwenda nyumbani. Nilisema mutoto apate kwato nguvu toka mu tumbo."

Beseni lilikuwa linakaribia kujaa. Nilidhani tumemaliza. Bernard akakunja mkono wa shati, mtu aliyenifundisha kwamba kikishuka kimeshuka, akachukua konzi yake akaiweka juu ya zote.

"Na mi," akasema.

Daktari Espérance aliliangalia beseni, akatuangalia sisi. Tulikuwa tunangoja atufokee. Ingekuwa afadhali.

"Munamupenda sana," akasema. Basi.

Kijiko changu kilikuwa kimenisafisha, lakini sikuona raha yoyote. Niliwaona watu ninaowaheshimu wamesimama na mikono imening'inia kama haijui ni ya nani, na pale chini mtoto anahema. Nilimwonea huruma Haji kuliko wote.

Daktari akasema mtoto anyonye maziwa ya kwanza, hayana mbadala, lakini maziwa yale nayo yamebeba mwani, kwa hiyo baada ya hapo tuyapunguze kwa maziwa ya mbuzi mpaka mwili wa Bijou usafike. Mwani usimame kabisa. Na mtoto lazima asimamishwe, la sivyo mapafu yatajaa. Nilivua kikwembe changu cha juu, kile kitenge cha kujifunga, tukakipitisha chini ya tumbo lake, Déo upande huu, mimi upande ule, tukamwinua hadi kwenye ziwa la mama. Alinyonya akiwa ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Tukafanya hivyo kwa zamu, mchana na usiku. Migongo yetu bado inakumbuka.

Maziwa ya mbuzi yalitoka kwa Haji. Alikuwa na mbuzi uani kwake. Mafuta hayakuwepo mjini, gari lake limelala, na angeweza kumtuma mtu. Hakumtuma. Kila asubuhi mzee yule mwenye goti bovu alitoka Bwiza kwa miguu, kanzu imepandishwa kidogo, bidoni la maziwa mkononi, akakatiza mji mpaka kwetu. Tulimwambia akae, tutayafuata wenyewe.

"Apana," akasema. "Mi njo nilileta ile ya gunia. Na ii nitaibeba."

Kuna siku daktari aliniambia kando kwamba nisimwahidi Haji kitu. Sikumwahidi. Mtoto hakuzidiwa, wala hakupata nafuu. Uvimbe ulikuwa palepale, miguu palepale, na Haji kwenye ndoo yake hata dua alianza kuiomba bila midomo kutikisika.

Alasiri moja alikuwa anasali ukumbini juu ya mkeka wake, mlango wa Bijou uko wazi kwa ajili ya upepo. Mimi nilikuwa nafua kile kikwembe bombani. Nilisikia majani yakichakacha, nikainua macho, nikamwona mtoto amesimama. Hakuna aliyemshika. Alisimama vibaya, miguu imetawanyika kama ya stuli iliyolegea, akapiga hatua moja, akakaribia kuanguka, akapiga nyingine. Sikuthubutu kuita. Haji alikuwa anamalizia sala. Akageuza uso kulia kutoa salamu, na pua ya mtoto ilikuwa hapo, imemgusa shavu.

Alikaa hivyo, uso upande wa kulia, muda mrefu. Kushoto aligeuka baadaye sana, machozi yakiwa yameshafika kwenye ndevu.

Déo ndiye aliyemwita mtoto Kidogo, kwa kuwa ndilo neno tulilokuwa tumesema sote. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyependekeza jina jingine.

Baada ya hapo palikuwa na mjadala kama kuaga kuachwe. Mwalimu wa kupanda farasi alitaka kibao cha marufuku. Bernard akakataa. "Kuaga haiishi," akasema. "Mukono uende mutupu." Ilionekana rahisi, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba matete. Farasi walitafuta kiganja chote, wakachukia, Bijou akang'oa kifungo cha shati la Déo. Wanaume waliona aibu kumnyooshea mnyama mkono usio na kitu, kama mgeni aliyekuja harusini bila zawadi. Haji alikuwa anavikalia viganja vyake. Lakini farasi wana subira, na baada ya muda waliacha kutafuta. Walikuja tu, wakaweka pua, wakapumua.

Mwani haukuwa na kosa. Bijou alirudishiwa kijiko chake mtoto alipoacha kunyonya, na wengine wenye kwato mbovu wanakipata hadi leo, kwa ruhusa ya daktari, kutoka kwenye chupa, na chupa ifungiwe. Hayo ndiyo maelekezo uliyoniomba. Jike mwenye mimba, usimpe hata akikuomba kwa macho. Akiwa mtu ndiye anayekuomba kwa niaba yake, mwonyeshe beseni. Liko juu ya rafu, sijawahi kulitumia kwa kazi nyingine.

Bijou alikufa kwa uzee. Haji alimfuata, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mjukuu wake sasa ndiye anayempanda Kidogo. Bernard alirudi kwao Muramvya, na siku ya kuondoka alipita mlango kwa mlango na kiganja kitupu, mguu wa suruali umekunjwa.

Siku yangu nanyi mnaijua, mlikuwepo. Mlileta keki na Fanta, asanteni. Déo, ambaye sasa ni mkuu, alinipa karoti kubwa iliyofungwa utepe, akasema, "Leo tu, Mama Nyasi. Leo ni siku yako, umupe." Niliiweka kwenye mkoba. Msinung'unike, ilipikwa Jumapili na ilikuwa tamu.

Kwa Kidogo nilienda peke yangu. Nikanyoosha kiganja. Hakutafuta kitu, maana tangu azaliwe hajawahi kukuta kitu pale. Aliweka kidevu chake kizito mkononi mwangu, akakiacha. Kwa vidole nilipapasa chini ya taya, na vile vivimbe viwili bado vipo, vidogo kama punje za maharage, anayejua ndiye anayevipata. Nililia, na sikujificha.

Jioni hiyo mume wangu aliandaa ugali na mboga ya lengalenga, akaleta maji ya kunawa. Nikamwambia sinawi.

"Mukono iko na nini?" akauliza. "Umeumia?"

Nikamnyooshea. Akauinamia, akaunusa, mtu aliyeishi na harufu ile ya farasi kwenye nguo zangu miaka yote bila kusema neno. Akaenda jikoni, akarudi na kijiko.